Redio Iliyosema Wakati wa Misa

Ukitaka kumkasirisha Benigna Ngonyani, mwambie kwamba mafundi redio wote ni wezi wa vipuri. Wala huhitaji kumwambia kwa ubaya. Mwambie kwa mzaha tu, halafu ukae pembeni uone. Ataweka chini chuma chake cha kulehemu, atajifuta mikono kwenye kitenge, kisha atakuuliza kwa sauti ya upole inayotisha kuliko matusi: "Redio yako ni ipi, ndugu, nikuoneshe alama?"

Alama hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Kwenye meza yake pale Mfaranyaki, katika kibaraza cha duka la vyombo, palikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Benigna mwenyewe hakuwahi kupaka kucha tangu azaliwe. Rangi ile ilikuwa ya redio. Akishamaliza kutengeneza na kufunga mfuniko wa nyuma, alidondosha tone moja juu ya skrubu, akampa mwenye redio sindano na kumwambia, "Andika unachotaka kabla haijakauka." Mmoja alichora msalaba, mwingine herufi ya jina lake, na mama mmoja wa Matogoro alichora kitu alichoapa kuwa ni jogoo. Rangi ikishakauka, hakuna mkono utakaoifungua redio ile bila alama kupasuka. Kwa hiyo kama kuna aliyechomoa kitu ndani, ajulikane.

Utaratibu huo aliubuni mwenyewe. Kazi yenyewe alifundishwa na Bruda Yohanes, Mmatengo mwenye vidole vinene kama mihogo, katika karakana ya misheni, miaka ambayo msichana kushika chuma cha kulehemu ilikuwa habari ya kusimulia. Alipelekwa pale kufagia. Wiki ya pili bruda alikuta vipuri vilivyokuwa vimemwagika kwenye sanduku vimepangwa kwa rangi na kwa ukubwa, akauliza nani kafanya hivi, na kuanzia siku hiyo ufagio ukapata mtu mwingine.

Siku zile redio zilikuwa chache, na mtu aliitunza yake kama anavyotunza baiskeli. Kisha ikaja biashara huria. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaamka wakakuta sabuni za aina sita, sweta za mitumba zimerundikwa mpaka barabarani, na redio, jamani, redio! Redio kutoka Dubai zenye taa tatu, vitufe ambavyo hakuna aliyejua kazi yake, na spika mbili ambazo moja ilikuwa ya urembo tu. Benigna alizicheka redio hizo kwa mdomo, lakini ndizo zilizomsomeshea mwanawe Aidan, maana zilikuwa zinaharibika vizuri sana.

Jambo moja tu halikubadilika. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Benigna alikuwa kanisani kwenye misa, benchi la tatu upande wa kina mama. Baada ya misa alirudi nyumbani, akanywa uji, na saa tatu ndipo alipofunua turubai la meza. Kabla ya hapo hata ungekuja na redio inayotoa moshi, ungemsubiri. Na nyumbani kwake hapakuwa na redio. Alisema mtu anayeshinda na wagonjwa mchana kutwa halali nao.

Mwaka huo wa tisini na sita, katikati ya mwezi wa tano, ndipo alipofika Mzee Daimu.

Daimu alikuwa Myao wa Nakapanya kule Tunduru, mnunuzi wa korosho. Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua, yeye alikuwa wa kwanza kukodi lori, na sasa alikuwa na nyumba Mjimwema alikoishi na mkewe Sharifa. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Akinong'ona, jirani wa tatu alijibu.

"Shikamoo, mzee," Benigna alimwamkia.

"Marahaba, mama. Hii mashine inanionea." Akaweka mezani redio nyeusi inayong'aa, mpya kabisa. "Nimeinunua Dar kwa sababu ya FM. Kule nilikofikia walikuwa na FM, wallahi, mtangazaji anaongea kama amekaa kwenye kochi lako! Nikasema hii lazima niende nayo. Nikanunua hii yangu, nikachukua na katoni nzima, kumi na mbili, nikauze Tunduru msimu wa korosho."

"Mzee, FM ya Dar haifiki Songea. Ile inakwenda moja kwa moja kama tochi. Kilomita karibu mia sita, na milima yote hii!"

"Haifiki? Na mimi naisikia?"

Akaeleza. Alikuwa amesimamisha mlingoti wa mianzi juu ya nyumba, akafunga antena ya vijiti vya aluminiamu. Kila siku akitoka kuswali alfajiri alikaa mbele ya redio, akaweka sindano ya stesheni palepale alipoonyeshwa na muuzaji, akasubiri. Redio ilivuma kama mafuta kwenye kikaango, shshsh, halafu ghafla sauti safi kabisa ilitoka: "saa kumi na mbili na..." Halafu shshsh tena. Baada ya dakika tano: "mpenzi msikilizaji..." Kisha kimya.

"Inasema maneno matatu, inanyamaza," Daimu alilalamika. "Inasema mawili, inanyamaza. Kuna waya umelegea humo ndani, mama. Uukaze."

Benigna aliiwasha. Ilikuwa saa nne asubuhi, ikavuma tu. Akaifungua mbele yake, na kweli akakuta sehemu mbili ambazo lehemu haikushika vizuri. Alifurahi kama mama aliyempata chawa kichwani kwa mtoto. Akalehemu upya, akafunga, akadondosha rangi. Daimu akachukua sindano, akachora dali, herufi ya Kiarabu ya jina lake, kwa ustadi wa mtu aliyesoma chuoni utotoni. Benigna alikuwa amekuta kosa, na kwa sababu amelikuta akaamini ndilo lenyewe. Fundi gani hajawahi kukosea hivyo?

Wiki moja baadaye Daimu alirudi. Sasa inasema neno moja tu, tena siku nyingine haisemi kabisa. Benigna akapasua alama, akabadilisha kapasita moja, akafunga, akapaka. Siku kumi baadaye Daimu akarudi tena, na safari hii hakurudi na malalamiko, alirudi na kesi.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa sita, watu wamejaa barabarani na mahindi mapya yanashushwa. Daimu hakuitikia hata shikamoo. Aliipigiza redio mezani.

"Kabla hujaigusa ilikuwa inasema maneno matatu, manne! Tangu uifungue inakufa kidogo kidogo. Umechomoa kifaa changu cha FM, mama. Umeniwekea mkweche."

"Mzee Daimu, alama yako hii hapa, haijapasuka."

"Alama unaipasua wewe, unaipaka wewe! Inanisaidia nini mimi, wakati mkono uliofungua ndio uliofunga?"

Watu wakasimama. Ng'ambo ya barabara fundi mwingine, Majaliwa, aliyekuwa na kibao kilichoandikwa "Fundi wa Kimataifa", alianza kukifuta vumbi kibao hicho kwa utulivu mkubwa. Daimu akaona kibao, akanyoosha kidole. "Jumatatu saa tatu katoni yangu inakwenda pale, azipime kabla sijaziuza. Na wenye redio hapa wazikague!"

Akaondoka na redio yake. Benigna alibaki amesimama. Miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alama yake haina maana, na lililomchoma zaidi ni kwamba maneno ya yule mzee, ukiyafikiria, yalikuwa na akili ndani yake. Mchana ule wateja watatu walikuja kuchukua redio zao hata kabla hazijatengenezwa. Yule mama wa Matogoro alikuja na yake, akaikwangua alama ya jogoo kwa ukucha, akachungulia ndani kupitia matundu ya spika, akaondoka bila kuaga. Benigna alifunika turubai saa nane. Njiani alijizuia, lakini alipofika jikoni kwake alilia kweli, mpaka kamasi.

Jikoni alikuwapo mdogo wake, Noela, mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, aliyekuja likizo. Noela hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimsogezea dada yake ungo wa mahindi ya kupukuchua, akamwacha alie huku mikono ina kazi, kisha akaanza kumuuliza maswali kama mwanafunzi aliyekosea hesabu.

"Inasema saa ngapi hiyo redio?"

"Asubuhi. Akishaswali."

"Kama saa kumi na mbili?"

"Kuanzia hapo. Mpaka saa mbili hivi, ndiyo anakwenda kwenye ghala lake."

"Na wewe umewahi kuisikia?"

"Nitaisikiaje? Saa hizo mimi niko misani."

Benigna aliacha kupukuchua. Noela alikuwa ameinua nyusi.

"Dada. Tangu uanze ufundi, umewahi hata siku moja kuwasha redio saa kumi na mbili asubuhi?"

Hakuwahi. Miaka kumi na saba ameshika redio za wilaya nzima, na hakuna hata moja aliyoijua kabla ya saa tatu. Ugonjwa wa redio ya Daimu ulikuwa unaamka padre akipanda altareni na kulala yeye akifunua turubai. Hata katika machozi yale aliona kichekesho chake, akacheka kwa pua.

"Lakini FM haifiki, Noela. Hilo nalijua. Kama amesikia maneno matatu, yamepita wapi?"

"Juu," Noela alisema, akaelekeza gunzi kwenye paa. "Juu sana, kama kilomita mia, hewa siyo hii. Jua linaipiga mpaka inavunjika vipande vyenye chaji, chanya na hasi, vinaelea. Wataalamu wanaiita plazima. Kitu chochote kinachopita humo, kiwe jiwe, kiwe chuma, hata hizo setilaiti, kinajipatia chaji, na kikishakuwa na chaji hakiwezi kupita kimyakimya. Kinasukuma chaji zilizo mbele yake na kuvuta za nyuma, kinainua mawimbi. Umewaona bata kwenye bwawa la samaki la misheni? Bata mwenyewe mdogo, lakini mawimbi yake yanafika ukingoni."

"Bata wa Mzee Daimu ni yupi?"

"Vimondo. Changarawe tu, nyingine ndogo kuliko punje hii. Zinaingia kwa kasi ambayo huwezi kuifikiria, zinaungua, na kila moja inaacha nyuma mkia wenye chaji nzito kuliko hewa yote ya pale. Mkia huo hauishi. Sekunde moja, mbili, umetawanyika. FM ya Dar siku zote inapita moja kwa moja, inapotelea angani. Lakini ikiukuta mkia huo umesimama, inaugonga, inarudi chini mbali sana. Inaweza kushukia Songea."

"Sekunde moja," Benigna alisema polepole.

"Maneno matatu."

Hapo Benigna akamkumbuka Bruda Yohanes. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minane, kwenye redio kubwa ya misheni ya masafa mafupi, akasikia katikati ya stesheni filimbi inayoshuka, fyuuu, kama mtu anayeita mbwa kwa mbali. Alibadilisha vipuri vitatu kuitafuta. Bruda alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo filimbi si ya redio, binti," alisema. "Ni ya huko juu. Waachie wenyewe, usijaribu kulehemu mbingu." Yeye alidhani ni mzaha wa kitawa.

"Ni yaleyale," Noela alisema aliposimuliwa. "Kimondo kinakimbia, wimbi linalorudi kutoka kwake halilingani na la stesheni, yakikutana yanapiga mluzi."

"Na mbona mwanzoni alisikia mengi, halafu yakapungua nilipoifungua?"

Noela alihesabu kwa vidole. "Mwanzoni mwa mwezi wa tano kuna kundi moja la vimondo, linapita asubuhi. Likaisha. Jingine linakuja siku hizi za mwezi wa sita, linanyesha jua likiwa limeshatoka, ndiyo maana hakuna anayeliona. Wewe uliifungua katikati ya mvua mbili, dada yangu." Kisha akaongeza kwa haki, kwa sababu alikuwa mwalimu mwaminifu: "Lakini haya nimeyasoma kitabuni. Kwa masikio yangu sijawahi kusikia hata kimoja."

Jumapili Benigna alisali kuliko kawaida. Jumatatu, giza lilipokuwa linaisha na baridi ya Songea inauma masikio, alivaa sweta mbili, akamchukua Noela, wakaelekea Mjimwema. Kina mama wa jumuiya, waliokuwa wanakwenda kanisani, walikutana naye akienda njia ya kinyume. Kunegunda, kiongozi wao, alishika kifua.

"Benigna! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna redio."

Daimu alifungua mlango akiwa bado na kofia ya kuswalia na tasbihi mkononi. Kwa nyuma harufu ya vitumbua vya Sharifa ilikuwa imejaa ua mzima. Aliwatazama wageni wake kwa mshangao, lakini mgeni ni mgeni, hata uliyemwita mwizi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuisikia inavyougua, saa yake ya kuugua," Benigna alisema. "Na naomba utoe redio moja kwenye katoni, ambayo haijafunguliwa na mtu. Ikate gundi wewe mwenyewe, uishike wewe mwenyewe. Mimi siigusi. Kama yako itasema na hiyo ya katoni ikae kimya, basi mimi ni mwizi, na leo meza yangu naifunga. Lakini zikisema zote mbili, neno lilelile, wakati uleule, hapo utakuwa umenikosea."

Daimu akafungua mlango wote. Alipenda watu wanaosema hivyo. Ndivyo walivyouziana korosho kwao. "Sharifa!" aliita. "Leta viti!"

Benigna aligawa waya wa antena mara mbili, ncha moja kwa kila redio, kisha akarudi kwenye kiti chake, akaweka mikono chini ya makalio isije ikamsaliti. Redio mbili nyeusi zikakaa juu ya stuli, mapacha. Shshsh. Sharifa akamimina chai ya tangawizi. Shshsh. Jua likachomoza, likagusa vijiti vya antena juu ya mwanzi. Robo saa ikapita bila chochote, na Daimu akaanza kuhesabu tasbihi kwa sauti.

Ghafla redio ya Daimu ikasema, wazi kabisa, sauti ya mwanamke: "...karibuni tena katika..."

Shshsh.

Ya katoni ilikuwa kimya.

Daimu aliangalia chini kwenye kikombe chake, na ajabu ni kwamba hakufurahi. Noela akauma mdomo. Benigna aliiona meza yake, kibaraza, kichupa cha rangi, kibao cha Majaliwa kinachong'aa ng'ambo ya barabara. Lakini macho yake, yaliyozoea kazi hata moyo ukigoma, yalikuwa kwenye sindano za redio zile mbili.

"Mzee," alisema, "naomba uziweke zote kwenye stesheni ya taifa."

Daimu akafanya hivyo. Zote mbili zikatoa taarifa ya habari, safi.

"Tazama sindano. Yako imesimama juu ya mstari. Ya katoni, ili isikike vilevile, imepita mstari kidogo kulia. Uzi wake umefungwa vibaya kiwandani, sindano yake inadanganya. Kwa hiyo hata kwenye FM uliiweka mahali ambapo hapapo. Zirudishe FM, halafu ya katoni ipeleke kulia, unywele mmoja tu."

"Fanya wewe."

"Nimesema siigusi."

Basi ikawa kazi. Vidole vya Daimu vilizoea magunia ya kilo themanini, na ile ilikuwa kazi ya unywele. "Kulia kidogo. Umepita, mzee. Rudi. Umerudi sana. Polepole, kama unamkuna mtoto aliyelala." Sharifa alianza kucheka akiwa na mwiko mkononi. Daimu alitokwa jasho katika baridi ile. "Hapo! Toa mkono!" Benigna alipiga kelele, na mzee wa watu aliruka kama ameshika jiko.

Wakasubiri. Kitumbua kiliungua kwenye kikaango, hakuna aliyekijali.

"...mtaa wa..." zikasema redio mbili kwa pamoja, mdomo mmoja. Shshsh.

Daimu aliinuka nusu. Kabla hajakaa, ikaja nyingine. Kimondo hicho lazima kilikuwa kikubwa kidogo, kwa sababu haikuwa maneno matatu, ilikuwa kama mlango umefunguliwa: muziki kwa chini, na mtangazaji wa kiume mwenye furaha ya asubuhi akisoma salamu, akatoka redio zote mbili hata wimbo wa ndege uani ukafunikwa. "...anamsalimu mama mkwe wake popote alipo, anamsalimu fundi wake wa baiskeli, na mwisho kabisa anawasalimu wote wanaomfahamu, ujumbe wake unasema..." Sauti ikatetemeka, ikazama, ikaenda. Shshsh.

"Unasema nini?" Daimu alizifokea redio. "Ujumbe unasema nini?"

"Hatutajua, mzee," Noela alijibu. "Jiwe limekwisha."

Benigna alikuwa analia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, anacheka katikati. Sharifa alimkumbatia na mikono yake ya unga. Walikaa mpaka karibu saa mbili, wakala vitumbua vyote, hata kile kilichoungua, na Noela akaeleza habari za bata mara tatu. Kila zilipolia, redio zote mbili zililia pamoja. Daimu alihesabu mara ishirini na sita.

"Kwa hiyo alichonidanganya muuzaji wa Dar kwamba FM inashika kila mahali," alisema mwishoni, "ni kweli kidogo."

"Kweli ya sekunde moja moja," Benigna alikubali.

Saa tatu, wakati Benigna anafunua turubai, Daimu alifika Mfaranyaki na katoni begani. Majaliwa alikuwa ameshasimama mlangoni kwake, shati safi, tayari kupokea mzigo. Daimu alimpita. Akaiweka katoni chini katikati ya barabara, akapanda juu ya jiwe la ngazi ya duka, akakohoa. Hakuhitaji spika.

"Mimi Daimu wa Nakapanya," alianza, kwa mbwembwe zote za mtangazaji, "nikiwa hapa Mfaranyaki, napenda kumsalimu Fundi Benigna popote alipo..."

"Nipo hapa, mzee," Benigna alisema, uso umemwiva kwa haya.

"...popote alipo! Ujumbe wangu unasema: Jumamosi nilimsingizia. Hajachukua hata uzi. Redio yangu nzima, aliyekosea ni mimi, namwomba anisamehe. Nawasalimu pia wote walioniona nikimwita mwizi, na wote waliopelekewa habari hiyo sokoni na kanisani, nao waipeleke hii kwa mbio zilezile. Na mwisho kabisa nawasalimu wote wanaonifahamu!"

Watu walipiga makofi, wengine bila kujua ni kwa ajili ya nini. Majaliwa naye alipiga, mara mbili, kwa adabu. Yule mama wa Matogoro, aliyekuwa amepanga mahindi yake upande wa pili, alitazama pembeni, na kabla ya saa sita alikuwa ameleta redio ya jogoo ipakwe upya.

Kazi ya katoni ilichukua siku mbili. Zote kumi na mbili Benigna alizifungua, akalehemu upya palipotaka kuachia, akafunga vizuri nyuzi za sindano zote zilizokuwa zinadanganya. Alipomaliza alizipanga mezani migongo imeelekea juu, akadondosha rangi kwenye skrubu ya kwanza, akampa Daimu sindano.

Daimu akaisukuma irudi. "Weka yako."

"Yangu? Ni za kwako, mzee. Mimi sina alama."

"Ndiyo nakwambia uwe nayo. Tunduru wote wananijua, wanajua naongea sana. Dali yangu haitauza redio hata moja. Nitawaambia watafute alama ya Fundi Benigna wa Songea, ambayo haina, wasinunue. Haya, itakauka hiyo."

Miaka kumi na saba alikuwa akiwapa watu sindano. Sasa alibaki nayo yeye, na tone lilikuwa linaanza kukunjamana. Aliinama, akaandika B. Tumbo la chini la herufi likaenda upande.

"Imepinda," alisema.

"Iache hivyohivyo," Daimu alisema, na kwa mara ya kwanza Mfaranyaki ikasikia ananong'ona.

Benigna akadondosha rangi kwenye ya pili.